Storey wa Amani: Mtafiti aliyeufichua ugonjwa unaoozesha mihogo ya Kilwa na Lindi

UKIFUATA barabara ya kutoka Somanga kwenda Nangurukuru, kisha ukaendelea hadi Kiranjeranje, Mchinga na Lindi mjini, shamba lisilo na mihogo ni la kutafuta. Muhogo ndio unaochemshwa asubuhi, ndio unaokaushwa makopa ya kusaga unga, na majani yake ndiyo kisamvu cha jioni. Kinachobaki huuzwa, na fedha yake hununua sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto.

Katika mwambao huo huo mkulima huweza kung'oa mti wenye majani ya kijani na shina nono, akaupasua muhogo na kukuta ndani umejaa mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Mfanyabiashara wa makopa akiyaona hahitaji kuulizwa mara mbili. Hufunga magunia yake akaenda kijiji kingine.

Ubaya wa hasara hiyo ni kwamba haijitangazi. Mkulima amekwisha kulipia kufyeka, kulima na kupalilia kwa miezi 12, na hesabu inamgeukia siku ya kuvuna.

Wataalamu wanauita ugonjwa huo michirizi ya kahawia. Mtu wa kwanza kuuandika kitaalamu na kuutenganisha na batobato alikuwa Harold Haydon Storey, mwaka 1936, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki. Jina lake si la kila mdomo huku kusini, lakini katika fani ya magonjwa ya mimea barani Afrika ni vigumu kumpata aliye maarufu kumzidi. Nusu ya magonjwa ambayo bwana shamba wa Lindi humweleza mkulima, kuanzia mahindi hadi karanga, yalipita mikononi mwa mtu huyu.

Sayansi iliyokuwa changa

Storey, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1894. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa kijana wa miaka 20, na sayansi ambayo baadaye ingempa jina ilikuwa changa kuliko yeye.

Mtawa Gregor Mendel alikuwa amechapisha matokeo ya kupandanisha njegere mwaka 1866, lakini hakuna aliyemsikiliza mpaka mwaka 1900, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 16 nyuma. Mwaka 1910, kule Marekani, Thomas Hunt Morgan alionyesha kwamba rangi nyeupe ya macho ya nzi wa matunda hurithiwa sambamba na jinsi ya nzi mwenyewe. Kwa hiyo tabia hiyo ilikuwa imekaa juu ya kromosomu ile ile inayoamua dume na jike.

Leo mambo hayo ni masomo ya kawaida ya shahada ya kwanza. Kijana anayekwenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hukutana nayo mapema: seli, kiini cha seli, kromosomu, namna seli inavyogawanyika na namna vinasaba vinavyopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wengi huyakariri kwa ajili ya mtihani. Pengine hayaonekani kuwa na uhusiano na bei ya gunia la makopa.

Uhusiano upo, na muhogo ni mfano mzuri wa kuuona. Kila seli ya muhogo ina kromosomu 36. Mkulima anapokata pingili na kuifukia, seli za pingili hiyo hugawanyika na kila seli mpya hupewa zile zile 36 bila kupungua. Ndiyo maana mti utakaoota ni mama yake mtupu: utamu ule ule, rangi ile ile, na kama mama alikuwa na virusi, pingili nazo kwa kawaida hubeba virusi vile vile.

Mbegu ya ua la muhogo ni habari nyingine. Chavua hubeba kromosomu 18 tu, na yai la ua la kike 18. Zikikutana zinapatikana 36 mpya, mchanganyiko ambao haujawahi kuwako. Mbegu tatu za tunda moja zinaweza kutoa miti mitatu isiyofanana. Kwa mkulima wa kawaida mbegu hizo hazina kazi, lakini kwa mtafiti ndizo mlango wa kupata kitu kipya.

Kutoka mahindi ya Afrika Kusini

Storey alianza kazi Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tatizo alilopewa lilikuwa ugonjwa wa milia ya mahindi, ule unaochora mistari mirefu ya njano juu ya jani na kulidumaza hindi kabla halijatoa mbelewele. Wakulima walikuwa wakiutupia lawama udongo na hali ya hewa.

Katikati ya muongo huo alithibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mdudu mdogo arukaye, mwenye urefu wa milimita chache tu, aitwaye kitaalamu Cicadulina mbila. Mdudu hunyonya jani bovu, kisha hunyonya jani zima, na ugonjwa unahama.

Mwaka 1928 yeye na mwenzake walichapisha kazi nyingine kuhusu ukoma wa karanga, ugonjwa unaofanya mti ukunjamane na kuwa kama ua la majani bila kuzaa. Walionyesha kuwa huo nao huenezwa na wadudu, safari hii vidukari.

Wazee wa Nachingwea wanaokumbuka ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, wanajua kwamba karanga zilishindwa kwa sababu nyingi: mvua zisizotabirika, udongo uliokuwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa, mitambo iliyovunjika. Ukoma ulikuwa mmoja tu kati ya maadui. Lakini ni mfano wa namna maarifa yanavyoweza kuwapo kwenye jarida miaka 20 kabla, na bado waliopanga fedha wakaenda shambani kwa kasi ya jeshi.

Amani na mdudu asiyeambukiza

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya vita kilidorora, mpaka Waingereza walipokifufua mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya mkurugenzi William Nowell kiwe kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki nzima. Storey alifika hapo mwaka 1928 na wadudu wake.

Amani ndipo alipofanya jaribio ambalo bado linatajwa katika vitabu vya fani hiyo. Alikuwa ameona jambo la ajabu: katika wadudu wa aina moja, waliolishwa majani mabovu yale yale, wengine waliambukiza mahindi na wengine hawakuambukiza kamwe, hata wangenyonya siku ngapi.

Mtu mwingine angesema ni bahati, akaandika wastani na kuendelea na safari. Storey alishuku kuwa ni ukoo.

Akawatenga waambukizaji upande mmoja na wasioambukiza upande mwingine, kisha akaanza kuwapandanisha kama mfugaji anayechagua dume la ng'ombe. Kazi hiyo ilihitaji subira kubwa. Kila mdudu ilibidi awekwe peke yake, alishwe jani bovu, kisha ahamishiwe kwenye mche mzima wa mahindi, na mche huo usubiriwe uonyeshe milia au usionyeshe. Ndipo mdudu huyo apewe mwenza, na watoto wapimwe mmoja mmoja kwa njia ile ile.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1932. Alipompandanisha dume mwambukizaji na jike asiyeambukiza, watoto wa kike wote waliambukiza na watoto wa kiume wote hawakuambukiza. Alipogeuza, akachukua jike mwambukizaji wa ukoo safi na dume asiyeambukiza, watoto wote waliambukiza, wa kike na wa kiume.

Kwa aliyesoma jenetiki hesabu hiyo inajieleza. Uwezo wa kuambukiza umebebwa na kinasaba chenye nguvu kilichokaa kwenye kromosomu ya jinsi. Dume hupata kromosomu hiyo kwa mama yake peke yake, kwa hiyo hana namna ya kurithi uwezo wa baba. Ilikuwa kanuni ile ile ya nzi wa Morgan, ila sasa ilikuwa inaeleza kwa nini shamba la mahindi linaugua.

Hakuishia hapo. Mwaka uliofuata alichukua wadudu wasioambukiza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba sana, na wadudu hao wakaanza kuambukiza. Maana yake ni kwamba virusi walikuwa wanamezwa siku zote, lakini kuta za utumbo zilikuwa zimefungwa na hawakuweza kupenya kwenda kwenye damu ya mdudu, na kutoka huko kufika kwenye mate anayotema juu ya jani. Kumtoboa utumbo mdudu mdogo kiasi hicho na akabaki hai ni kazi ya fundi wa saa.

Kazi ya namna hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Wapo waliootesha miche, waliofuga wadudu na kuhesabu, wenyeji wa Usambara walioajiriwa kama wasaidizi na vibarua. Majarida yana jina la Storey tu.

Mihogo ya njaa

Katikati ya miaka ya 1930 Amani iligeukia muhogo. Sababu ilikuwa njaa.

Watu wa Kilwa hawahitaji kukumbushwa. Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi mwaka 1905, na Wajerumani walipochoma ghala na mashamba, njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Utawala wa Mwingereza uliokuja baadaye uliona muhogo kuwa ndio bima: hauhitaji ghala, hukaa ardhini, nzige wakipita majani huchipua tena. Sheria ndogo za mamlaka za wenyeji zikalazimisha kaya kuwa na shamba la mihogo ya akiba, na asiyelima alitozwa faini.

Tatizo ni kwamba bima yenyewe ilikuwa mgonjwa. Batobato ilikuwa imeenea, majani yamekunjamana na kuwa na mabaka ya njano, mavuno yakishuka. Kumtoza mtu faini kwa kutopanda pingili zenye virusi ni siasa ya ajabu, na haikuwa ya mwisho katika kilimo chetu.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kwa kupima. Walithibitisha kwamba batobato huenezwa na inzi weupe, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1938. Mapema zaidi, mwaka 1936, katika taarifa ya maendeleo ya kazi hiyo, ndimo Storey alimotenga ugonjwa wa pili ambao wengine walikuwa wakiuchanganya na wa kwanza.

Tofauti ni rahisi kwa anayejua pa kutazama, na inafaa mnunuzi wa pingili aijue. Batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu, ambayo hupinda na kukosa umbo. Michirizi ya kahawia huonekana kwenye majani yaliyokomaa ya chini: umbo la jani halibadiliki, bali unjano hufuata kingo za mishipa. Shina bichi huweza kuwa na mistari ya kahawia, ndiyo iliyoupa ugonjwa jina. Majani hayo ya chini yakipukutika wakati wa kiangazi, ushahidi umeondoka, na mti huonekana mzima.

Nichols baadaye, katika andiko la mwaka 1950, alionyesha eneo la ugonjwa huo: mwambao wote wa Afrika Mashariki, kutoka Kenya hadi Msumbiji, na kandokando ya Ziwa Nyasa, katika nchi iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Wilaya ya Kilwa na pwani yote ya Lindi zimo ndani ya mpaka huo.

Mpira waingia kwenye muhogo

Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya aina za mihogo, za hapa na za ng'ambo, na kuzipima. Zipo zilizovumilia batobato kuliko nyingine, lakini hakuna iliyokuwa salama kabisa. Ndipo Amani ikaamua kutafuta damu nje ya muhogo.

Msaada ulikuwa umeota jirani. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wamepanda Tanganyika mashamba makubwa ya mpira wa Ceara kutoka Brazil, kwa jina la kitaalamu Manihot glaziovii. Bei ya mpira ilianguka mwaka 1913 na mashamba mengi yakaachwa yawe pori. Mti huo ni binamu wa muhogo, nao una kromosomu 36. Wapishi wa pwani wanaujua vizuri: ndio wa kisamvu cha mpira.

Kwa kuwa kromosomu zao zinalingana, chavua ya mmoja huweza kurutubisha ua la mwingine. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nguvu dhidi ya batobato, lakini chini hakuwa na kitu: mizizi myembamba, migumu kama kuni. Mfanyabiashara asingeununua hata kwa bei ya kutupa.

Dawa yake ilikuwa kumrudisha mtoto kwa muhogo, na mjukuu naye kwa muhogo, na kitukuu tena. Kila mzunguko, nusu ya urithi wa mpira hupungua. Kwa hesabu ya wastani, mtoto wa kwanza ana nusu ya mpira, mjukuu robo, kitukuu sehemu moja ya nane, na anayefuata sehemu moja ya 16. Katika kila kizazi watafiti waliotesha mbegu nyingi, wakaziweka kwenye ugonjwa makusudi, wakatupa zilizougua, na kati ya zilizobaki wakatupa zilizokosa mihogo. Baada ya kurudisha mara tatu walipata miti inayozaa kama muhogo na yenye ukaidi wa mpira.

Mkulima aliyepata mikorosho bora iliyobebeshwa anaweza kudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Kubebesha huunganisha miti miwili bila kuchanganya vinasaba vyake. Kazi ya Amani iliingia ndani ya seli.

Vita ya Pili ya Dunia ilikuta kazi hiyo katikati. Iliendelea hata hivyo, na mwaka 1946 Storey alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo watafiti wa makoloni hawakuipata mara kwa mara. Mwaka huo huo wa 1946 umebaki pia katika namba ya mti mmoja wa shamba la Amani, 46106/27, ambao habari zake zitakuja.

Muguga, kutu na miaka ya mwisho

Mwaka 1948 utafiti wa nchi hizi uliwekwa chini ya shirika moja la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, makao makuu Muguga karibu na Nairobi. Storey alikuwa naibu mkurugenzi. Amani ilibaki na muhogo: kwanza chini ya Nichols, kisha D. L. Jennings, mpaka kazi hiyo ilipofungwa mwaka 1957. Majengo yakabaki kwa utafiti wa malaria.

Kwa jicho la uchumi, kufunga mradi wa kuzalisha mbegu baada ya miaka 20, wakati matunda yake ndiyo kwanza yanatoka, ni sawa na kung'oa mikorosho mwaka inapoanza kuchanua. Aliyetoa fedha aliona matumizi. Hakuona kwamba ghali ya kazi ile ilikuwa imekwisha kulipwa.

Storey mwenyewe alirudi kwenye mahindi kwa sababu ya adui mpya. Kutu ya mahindi kutoka Amerika ilionekana Afrika Magharibi mwaka 1949 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikafika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako joto na unyevu viliifaa. Yeye na wenzake walileta mbegu kutoka nchi za Amerika ya asili ya mahindi, wakatafuta zisizoshikwa na kutu, na wakatambua vinasaba viwili vya ukinzani.

Hapo alipata somo lisilofurahisha. Kuvu wa kutu naye ana vinasaba vyake na naye hubadilika. Kinasaba kimoja cha ukinzani kilizuia aina moja ya kuvu, ikajitokeza nyingine ambayo haikukijali. Ukinzani uliosimama juu ya mguu mmoja ulianguka upesi.

Mwaka 1967, akiwa amevuka miaka 70, alichapisha pamoja na mwenzake kazi kuhusu namna mahindi yanavyorithi ukinzani wa ugonjwa wa milia, ule ule alioanza nao zaidi ya miaka 40 nyuma. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilitoa mbegu za Staha na TMV-1, zilizozalishwa kwa ajili ya kustahimili milia. Storey hakuziona. Alifariki mwaka 1969.

Kilichobaki

Mbegu za muhogo za Amani zilikuwa zimekwisha kusafiri. Katika miaka ya 1950 nyingine zilipelekwa Nigeria, na huko zikawa wazazi wa aina zilizozalishwa na kituo cha kimataifa cha Ibadan. Moja kati ya hizo, TMS 30572, ilipelekwa Uganda wakati batobato kali ilipokuwa ikiwafilisi wakulima miaka ya 1990, na wao wakaiita Migyera.

Lakini ukinzani wa batobato si ukinzani wa michirizi ya kahawia. Tangu mwaka 2004 michirizi ilionekana Uganda, tena juu ya ule mpaka wa mita 1,000, na ikaenea kanda ya Ziwa Victoria. Ugonjwa ambao kwa miaka 70 ulionekana kuwa shida ya watu wa pwani peke yao, sasa ukawa wa kila mtu. Ni baada ya hapo fedha za utafiti zilianza kuja kwa wingi, jambo ambalo mkulima wa Kilwa ana haki ya kulitazama kwa jicho la pembeni. Virusi vyenyewe vilitambuliwa kitaalamu mwaka 2001, na baadaye ikabainika kuwa ni vya aina mbili.

Watafiti walipotafuta muhogo unaostahimili michirizi, walirudi kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania. Walikuta aina iitwayo Namikonga, iliyokuwa ikipandwa kama mihogo mingine ya kienyeji, ambayo ndani yake haiozi kirahisi. Pwani ya Kenya walikuta nyingine iitwayo Kaleso.

Vinasaba vilipolinganishwa maabara, ikaonekana Namikonga na Kaleso ni kitu kimoja, na kitu hicho ni ule mti wa Amani namba 46106/27. Kituo kilifungwa na wataalamu wakaondoka, lakini pingili zilikuwa zimekwisha kupita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani, hata jina la asili likapotea na wakulima wakaupa la kwao. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya mihogo ulionyesha ndani yake vipande vya kromosomu za mpira wa Ceara, vilivyobaki hapo tangu enzi za Storey na Nichols.

Huko Naliendele, Mtwara, Namikonga ilipandanishwa na Albert, aina inayopendwa kusini lakini inayoumizwa vibaya na michirizi. Watoto wao walipandwa Naliendele na pia Chambezi, Bagamoyo, ili kujua ni kromosomu zipi hasa zinazobeba ukinzani. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba ukinzani huo haukai mahali pamoja. Umetawanyika kwenye kromosomu kadhaa, na hivyo ni vigumu kuuhamisha wote kwa mkupuo mmoja kwenda kwenye aina nyingine.

Kwa hiyo mkulima wa Mchinga au Kiranjeranje anayeamua kubadili mbegu afanye hesabu mapema. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huchukua takriban miti 4,000. Mti mmoja mzuri hutoa pingili kama 10 za urefu wa sentimita 25 hadi 30, yaani ekari moja hupanda ekari 10 baada ya mwaka, wakati gunzi moja la hindi hutoa punje mamia kwa miezi minne. Biashara ya pingili huenda taratibu, na ni rahisi kuharibika, kwa sababu mti mmoja mgonjwa ukipitwa shambani huingiza pingili 10 mbovu katika mzigo wa mteja. Wakati wa kuikagua miti hiyo ni kabla kiangazi hakijapukutisha majani ya chini.